Mbali Kidogo: Neno la Kiingereza kwenye Njia za Fizi

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka 2009, chini ya mwembe ulio kando ya barabara inayopanda kwenda Fizi, mashariki mwa Kongo, mzee mmoja alinyoosha mkono kuelekea milimani akasema: "Haiko mbali, mutoto yangu. Iko mbali kidogo tu."

Aliyeambiwa alikuwa mkalimani wa miaka 22, mzaliwa wa Baraka, aliyepata kazi ya wiki mbili kwenye shirika lililokuwa likitafuta chemchemi za kuvutia maji. Nyuma yake alisimama fundi wa maji kutoka Uingereza akiwa na chupa moja ya maji, akingoja jibu. Mkalimani akageuka, akapima maneno ya mzee kichwani, kisha akamwambia mgeni kwamba mwendo wenyewe ni "longish". Mgeni akaridhika. Akakaza kamba za viatu vyake, akamwambia dereva awasubiri hapohapo, watarudi kula chakula cha mchana.

Walitembea saa tano.

Mkalimani huyo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hii. Akimkumbuka leo kijana yule wa chini ya mwembe humwona kama mtu mwingine kabisa, na ndiyo maana anamsimulia hivi, kwa mbali. Kijana alikuwa na Kiingereza kizuri. Neno alilolichagua limo kwenye kila kamusi, na maana yake ni ileile aliyoikusudia: refu kiasi, refu bila kupita kadiri. Hakukosea sarufi wala matamshi. Hata hivyo watu wawili walilala ugenini bila kujiandaa, na dereva alikesha barabarani bila kujua waliko.

Neno lenyewe alikuwa amelipata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Vita vya mwaka 1996 vilipofika Fizi, familia yake, kama maelfu ya familia za Kibembe na Kibuyu, ilivuka Tanganyika usiku kwa mtumbwi hadi pwani ya Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa Novemba mwaka huohuo, naye akakulia humo. Shule za Wakongomani kambini zilifuata mtaala wa nyumbani, kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa cha jioni, katika chumba cha matofali ya udongo, kwa mwalimu wa kujitolea ambaye kifaa chake kikuu kilikuwa vijiti vitatu. Cha kwanza ni "long", cha pili "longer", cha tatu "longest". Darasa lilirudia kwa sauti moja mpaka majirani walilijua somo.

Siku moja kwenye kitabu kilichochakaa alikutana na "longish", na vijiti vyote vitatu vikashindwa kumsaidia. Alijaribu kulifikiri mwenyewe. Alikuwa anajua English, Spanish, Danish, Swedish, Turkish. Kila penye mkia huo pana taifa na lugha yake. Basi Longish wangekuwa watu gani, na wanaishi wapi? Aliibeba hoja hiyo siku mbili kabla ya kuipeleka kwa mwalimu, naye mwalimu hakuipuuza. Alikuwa sahihi kutoipuuza, kwa maana mkia ni uleule mmoja. Katika Kiingereza cha kale ulitamkwa na kuandikwa "-isc", na kazi yake ilikuwa kuonyesha mtu au kitu ni cha wapi, cha asili gani. Wajerumani wana ndugu yake hadi leo, "-isch". Baadaye ukaanza kubandikwa kwenye rangi, kusema kitu kinaelekea buluu au kinaelekea wekundu ingawa hakijafika. Kutoka rangi ukaingia kwenye urefu, umri, joto, na katika karne ya 20 hata kwenye saa. Mwingereza anayekuambia "sevenish" anakuahidi kuja saa moja hivi, na hiyo "hivi" ameificha ndani ya mkia.

Njia ya maana inaeleweka ukiitazama vizuri. Mkia uliokuwa ukisema "wa jamaa ya fulani" ukawa unasema "wa jamaa ya urefu". Kitu "longish" ni jamaa wa kirefu, ila si kirefu chenyewe.

Mwalimu alimpa na zawadi nyingine siku ile, nayo ni ya wasemaji wa Kiswahili peke yao. Wanafunzi wengi walitamka "long" kwa g iliyokaa wazi mwishoni. Yeye akaandika ubaoni ng'ombe na ngoma. "Long", alisema, inaishia na sauti ya ng'ombe. "Longer" ina sauti ya ngoma. Na "longish" inarudi kwa ng'ombe. Mfaransa angehitaji maelezo marefu ya koo na pua ili aipate tofauti hiyo. Mtoto wa Fizi anayo tangu siku aliyoanza kuita mifugo. Mwandishi ameifundisha hivyohivyo kwa miaka mingi sasa, na hajaona mwanafunzi aliyeshindwa kuipata.

Mwaka 2005 safari za kurudi nyumbani zilianza, na meli MV Mwongozo ikaanza kuwaleta watu Baraka kutoka Kigoma. Alirudi mwaka uliofuata. Akamaliza sekondari kwa Kifaransa, akaendelea kujisomea Kiingereza, na mashirika yalipojaa mji wa Baraka yakawahitaji vijana waliojua lugha tatu. Ndivyo alivyofika chini ya mwembe.

Njia ilianza kwa upole. Mashamba ya muhogo kulia, migomba kushoto, kijito cha kuruka kwa mawe. Mgeni alikuwa anapiga picha. Baada ya saa moja njia ikageuka mpando, na chupa ikabaki na maji nusu. Walikutana na mama mmoja anashuka, kikapu mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba akina mama wa milimani.

"Jambo mama. Bado iko mbali?"

"Apana. Mumekwisha fika. Iko tu nyuma ya kale kalima."

Kale kalima! Kiswahili cha kwetu Kongo kina kiambishi ka- cha kupunguza, pale ambapo wa pwani wangesema kilima au kijilima. Kwa sauti moja ndogo mama yule aliupunguza mlima mzima, kisha akashuka zake. Mkalimani akatafsiri: nyuma ya kilima kidogo. Kalima kale kaliwachukua saa mbili, na nyuma yake kulikuwa na kengine.

Walifika saa nane mchana. Chemchemi ilikuwepo, safi na yenye nguvu, na hapakuwa na mtu aliyewadanganya hata kidogo. Mgeni alipima maji yake, akaandika alichoandika, akatazama jua, akatazama miguu yake iliyokuwa imetoka malengelenge. Wenyeji walikwishaelewa kabla yake. Walikuwa wameanza kutwanga sombe. Jioni ile wageni walikula bukari na sombe, wakapewa mkeka na moto, na fundi wa maji akauliza swali moja ambalo mwandishi hajalisahau. Hakuuliza kwa nini umenidanganya. Aliuliza: mzee alisema maneno gani hasa, neno kwa neno?

Wakayachambua mpaka usiku. "Mbali kidogo." Mbali, halafu kidogo. Mgeni alieleza kwamba kwake "longish" ni neno la kujilinda. Msemaji hana hakika ya kipimo, au hataki kukuza jambo, basi anachukua neno zima na kulipunguza makali. Mwendo "longish" ni ule unaoutaja ukisharudi nyumbani, ukikaa mezani. Barua "longish" ni kurasa tano badala ya mbili. Nywele "longish" zinagusa kola. Hakuna anayetumia neno hilo kwa safari ya kulala njiani. Na kwa kimo cha mtu hulisikii kabisa, kwa kuwa Kiingereza kina neno jingine kwa watu na minara, lenye mkia huohuo: "tallish". Kiswahili, kinachotosheka na -refu kwa mtu, kamba na ziwa, hakimwonyi msemaji kuhusu mpaka huo.

Kifaransa kingemwongoza vibaya zaidi. Kina "longuet", neno linaloonekana kama pacha wa "longish", lakini ndani yake mna uchovu: filamu "longuet" ni ile ambayo ulianza kutazama saa kabla haijaisha. "Longish" haina lawama hiyo kwa lazima. Mwanafunzi wa Baraka anayepitia Kifaransa kwenda Kiingereza, na karibu wote hupitia huko, huvuka na mzigo usio wake.

Na Kiswahili chenyewe je? Mtu anaweza kudhani hatuna neno, na atakuwa amekosea, kwa sababu tunayo mengi, kila moja na mahali pake. Tuna "kidogo": mrefu kidogo. Tuna "kiasi": mrefu kiasi. Kwa namba na saa tuna "hivi" na "kama": kama kilomita kumi hivi. Kisha tuna kurudufu, ambako ndiko utamu ulipo. Ukisema kijana fulani ni mrefu mrefu, msikilizaji anaona mtu anayeelekea urefu, hajafika kwenye urefu wa kugeuza shingo za watu. Kitambaa chekundu chekundu hakijaiva wekundu. Lakini ukisema "miti mirefu mirefu", maana imegeuka. Sasa miti ni mingi, na kila mmoja ni mrefu kwelikweli. Umbo ni lilelile. Umoja hupunguza, wingi husambaza. Mwandishi amewahi kusoma tafsiri ya Kiingereza iliyoifanya miti mirefu mirefu ya msituni kuwa miti ya kimo cha kadiri, na msitu mzima ukapungua kwa kosa la mtu mmoja.

Halafu kuna kipimo kisichoandikika. Kuanzia Fizi hadi Lamu, mtu akitaka kusema mbali sana hurefusha irabu na kuinua kidevu: kuleee. Idadi ya e ni idadi ya vilima. Mzee wa chini ya mwembe hakurefusha irabu. Alisema "kidogo" na akaongeza "tu".

Jibu la kwa nini alisema hivyo walilipata kesho yake, wakishuka. Alikuwa palepale.

"Mulifika?"

"Tulifika, papa. Lakini ulituambia mbali kidogo."

Mzee hakuona aibu, wala hakukuwa na sababu ya kuona. "Kama ningekuambia saa tano," alisema, "huyu mugeni angepanda? Na wewe ungemuambia apande?" Kisha akaeleza kwamba yeye, kwa umri wake, hupanda kule na kushuka siku ileile, na akishuka anakuwa na muhogo kichwani. Kwake ni mbali kidogo. Na alipoona kijana na mgeni wake hawana mzigo wowote isipokuwa chupa moja, alidhani wataruka kama mbuzi.

Katika majibu hayo mawili kuna jambo zima ambalo kamusi haikulisema. "-ish" ya Mwingereza inamlinda msemaji. "Kidogo" ya mzee ilimtunza msikilizaji. Mwenyeji wa Fizi hamwekei mgeni mlima mbele ya macho kabla hajaanza kutembea. Anampunguzia njia kwa maneno, kama vile angempunguzia mzigo kwa mikono. Mama wa kikapu alifanya hivyohivyo. Ni ukarimu, na mkalimani aliutafsiri kama kipimo.

Hata mzigo ni sehemu ya urefu wa njia, na milima hii imewafundisha hilo watu wenye majina makubwa. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akatua Kibamba, upande wa Fizi. Wakuba aliokuwa nao walichukua majina kutoka namba za Kiswahili, yeye akawa Tatu. Walikaa hadi Novemba. Katika kumbukumbu zake za miezi hiyo analalamika kuhusu wapiganaji wenyeji waliokataa kubeba vyakula mgongoni kupanda milimani, wakimwambia kwamba wao si magari. Wengi wamelisoma hilo kama uvivu. Aliyewahi kupanda njia za Fizi na gunia atalisoma kwa huruma zaidi.

Wala si kwamba namba zingemaliza kila tatizo. Ukisimama ufukweni Baraka, mbele yako ni ghuba ambayo ramani huiita ya Burton, na ng'ambo ya ghuba ni milima ya Ubwari. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita ziwani humu mwaka 1858 pamoja na Speke. Aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa, akatoa na makadirio ya urefu na upana wake. Ubwari ni rasi, imeshikana na bara upande mmoja, na kila mvuvi wa Baraka anajua. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50, kwa hiyo hakuna ziwa la maji baridi lililo refu kulishinda duniani. Na bado mvuvi wa hapa haliiti refu. Analipima kwa usiku mmoja wa taa na ndakala, kwa upepo, kwa lita za mafuta.

Sokoni ni hivyohivyo. Mama anayenunua kikwembe anataka yadi sita, vipande vitatu, na hapo hakuna "kiasi" wala "hivi": akipunjwa upana wa kiganja ataona. Vipimo vya zamani, shubiri, mkono na pima, vilitoka mwilini mwa mpimaji na kila mtu alijua mwili ni wa nani. Watu wa Fizi wanajua sana kupima pale kipimo kinapogusa haki ya mtu. Njia ndiyo imeachiwa maneno laini, kwa sababu njia haiuzwi.

Tangu mwaka ule mwandishi hatafsiri tena "mbali kidogo" kabla ya kuuliza. Huuliza: papa, ukiondoka jogoo wa kwanza, unafika jua liko wapi? Ukiwa na mzigo je? Na mvua ikinyesha, mto Mutambala unavukika? Majibu huja haraka na ni sahihi, kwa kuwa mzee huyohuyo anayepunguza njia kwa adabu anaijua kwa saa na kwa hatua. Alikuwa hajaulizwa tu. Kwa upande wa pili, mgeni anapotumia mkia wake wa "-ish", mwandishi humrudishia swali vilevile: kwa dakika, ni ngapi? Wageni wengine hushangaa. Fundi wa maji hakushangaa. Siku ya tatu ya kazi yao alikuwa ameshaanza kuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, jogoo wa kwanza, jua wapi.

Jambo hili si dogo katika eneo kama Fizi. Wilaya hii ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, zaidi ya nusu ya Burundi nzima, na sehemu kubwa haifikiwi na gari. Muuguzi anayeandaa chanjo, mjomba anayebeba mgonjwa kwa machela, mwalimu anayepangiwa shule mpya: wote huanza kwa kuuliza njia, na mara nyingi katikati yao husimama kijana anayetafsiri. Tangu mwaka 2015 wapo pia Warundi wa kambi ya Lusenda, kaskazini mwa Baraka, wanaohojiwa kwa lugha mbili au tatu kwa siku. Swali la ulitembea umbali gani huandikwa kwenye fomu, na likiandikwa vibaya hakuna anayerudi kulirekebisha.

Kwa hiyo, walimu wa Kiingereza wa Baraka, Fizi, Mboko na Nundu, mkifika kwenye "longish" msiishie kwenye vijiti. Wapelekeni wanafunzi barabarani, wamuulize mpita njia mmoja anakotoka ni mbali kiasi gani, waandike alivyosema, kisha wamuulize alianza kutembea saa ngapi.

Chemchemi ile ilivutiwa bomba mwaka uliofuata. Mafundi walibeba mabomba mabegani, na safari moja ya kupanda iliwachukua siku nzima.